Vumbi Lililoitangulia Dunia

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Mtaani, dukani, hata kwa mama mkwe wake, aliitwa Vidole. Jina hilo alipewa na mke wa muuza dawa wa jirani, siku alipojitazama kwenye kioo na kukuta kichwa chake kimejaa misuko myembamba kama uzi wa kushonea, na hakuna hata mmoja uliomvuta ngozi. "Huyu hana mikono," yule mama alisema, akigeuza shingo huku na huku. "Huyu ana vidole tu." Jina likakaa.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, vioo vitatu, benchi la wanaosubiri, na draya moja ya kukaushia nywele iliyonguruma kama vile ina kinyongo na mtu. Waliifungua pamoja, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Wifi aliosha nywele, alitia dawa, na aliwachekesha wateja ili wasisikie saa zinavyokwenda. Vidole alisuka. Kila mmoja alijua kwamba hawezi kazi ya mwenzake.

Alikuwa amekwisha kuvuka arobaini. Shule aliiacha mapema, mama yake alipopooza upande mmoja wa mwili na ikabidi binti mkubwa abaki nyumbani. Hakuwa mtu wa kulalamika juu ya hilo, ila alibaki na njaa fulani ambayo ilimtoka kwa njia ya maswali. Mteja akiwa mwalimu wa hesabu, atamuuliza sifuri ilianzia wapi. Akiwa muuguzi, atamuuliza kwa nini damu ikitoka mwilini inaganda na ikiwa ndani haigandi. Wifi alikuwa akimwambia, "Wewe kichwa cha mtu unakisuka nje na kukipekua ndani."

Basi miongoni mwa wateja wake alikuwapo mmoja mwembamba mwenye miwani, mtafiti katika taasisi iliyokuwa nje kidogo ya mji, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mawe yaliyotoka kwenye sayari nyingine. Pale saluni walimwita Bi Sayari, na yeye aliitika. Alitaka misuko midogo kuliko mteja mwingine yeyote, kwa hiyo akikaa kitini asubuhi, huondoka jua likiwa limeinama. Ili asisinzie, alikuwa akifungua simu na kusoma jarida la watu wa kazi yake, ambalo lilimfikia kila wiki: nani kagundua nini, mkutano uko wapi, nani kapewa tuzo, nani kafariki, na kazi gani zimetangazwa. Mwanzoni alisoma kimya kimya. Kisha siku moja Vidole akamwambia, "Dada, hicho unachosoma kinakutikisa kichwa. Ukitikisa, mstari wangu unapinda. Afadhali usome kwa sauti, tutikisike wote."

Tangu hapo benchi la saluni likawa linapata habari ambazo hata redio haikuwa nazo. Walisikia kwamba kuna mwezi wa sayari ya mbali uliofunikwa na barafu pande zote, na chini ya barafu ile kuna bahari. Walisikia kwamba mzee mmoja aliyetumia maisha yake yote kuchunguza dhoruba za sayari kubwa amefariki, na wenzake wanaomba kila aliyefundishwa naye aandike neno. Walisikia habari za chombo kilichonyamaza huko angani, watu wakakiita na kukiita, kikaitika.

Wifi yeye alipenda nafasi za kazi kuliko habari zote.

"Mkataba wa miaka miwili," alisema siku moja, mikono ikiwa imejaa povu. "Halafu?"

"Halafu unatafuta mwingine," Bi Sayari akajibu.

"Mji uleule?"

"Ukiwa na bahati. Mimi nimehama miji minne."

"Kumbe na nyinyi mnahangaika," wifi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika kidogo. "Nilidhani mtu akishajua mambo ya nyota, amefika."

Bi Sayari alicheka sana, ikabidi Vidole amshike kichwa kwa mikono miwili.

Lakini Vidole mwenyewe alikuwa amebaki kwenye ile bahari. Siku iliyofuata, akianika nguo nyuma ya nyumba, alijikuta amesimama na shati la mumewe mkononi, maji yakimdondokea miguuni. Bahari isiyo na ufuko. Bahari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitia mguu, na iko hukohuko sasa hivi, inafanya mawimbi yake au haifanyi, wakati yeye anatafuta kibanio cha nguo. Alisikia kitu kikimpanda kifuani, si hofu na si furaha. Hakuwa na jina la kukiita.

Mwaka huo ndipo chombo kimoja kiliporudi. Bi Sayari alikuja saluni siku hiyo akiwa hajalala vizuri, macho mekundu, anatabasamu peke yake. Jarida zima lilikuwa la habari hiyo. Chombo kilikuwa kimesafiri miaka mingi hadi kwenye jiwe moja kubwa kama mlima, linalozunguka jua mbali huko, kikaligusa, kikachota vumbi lake, kikageuka kurudi. Kopo lenye vumbi lilikuwa limeshuka salama kwa mwavuli. Sehemu ya vumbi lile ingeletwa kutunzwa kwenye taasisi ya kina Bi Sayari.

"Wamekwenda mbali hivyo kuleta vumbi," wifi alisema. "Wangeniuliza mimi, ningewafagilia."

"Hilo halijawahi kuguswa na hewa," Bi Sayari akasema. "Halijanyeshewa. Limekaa vilevile lilivyokuwa kabla dunia haijawa dunia."

Vidole alikuwa ameshika msuko katikati. Vidole vyake vilisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kabla ya dunia," alirudia. "Yaani lilikuwapo wapi, kama dunia haikuwapo?"

"Lilikuwa linaelea. Jua lenyewe ndiyo kwanza linawaka. Vumbi kama lile ndilo lililokusanyika likawa dunia, likawa sisi. Lile ni lile lililobaki halikutumika."

Hakuna aliyefanya mzaha. Hata draya ilikuwa imezimwa.

Mara nyingine Bi Sayari alipokuja, alifika kwenye ukurasa wa nafasi za kazi, akasoma mistari miwili, akaacha. Kisha akainua macho, akatazama kwenye kioo, si uso wake, bali mikono iliyokuwa juu ya kichwa chake.

"Sikiliza hili," akasema, akasoma polepole. Taasisi yake ilikuwa inatafuta wasaidizi wawili wa kutunza sampuli. Elimu ya chuo haikuwa sharti. Kilichotakiwa ni mikono iliyotulia, macho mazuri, uvumilivu wa kukaa na kazi ndogo kwa muda mrefu, na moyo wa kufuata maelekezo. Mafunzo yangetolewa.

Wifi alicheka kwanza, kisha akaona kwamba yuko peke yake katika kicheko hicho.

"Mimi siko kwenye kamati ya usaili," Bi Sayari akaendelea, "na sikuahidi kitu. Pengine watakukataa. Nakusomea tu kilichoandikwa."

"Mimi ni msusi, dada," Vidole akasema.

"Najua. Nimekaa chini ya mikono yako muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote."

Jioni alimwambia mumewe, fundi bomba, aliyekuwa ameinama uani akinawa mikono yenye grisi.

"Vumbi?" mume akauliza. "Hilo lililo juu ya kabati halitoshi?"

"Baba watoto, nasema kweli."

Akajifuta mikono, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza habari yote ya jiwe na kopo na mwavuli, akauliza mara mbili kuhusu mfuniko wa kopo lile, kwamba ulizibwaje usivuje. Vidole hakujua. Kisha mume akasema, "Mimi kila siku naingiza mkono mahali ambapo watu hawataki hata kutazama. Wewe ukipata pa kuingiza mkono ambapo watu wanatamani, nikukataze kwa lipi?"

Aliyeumia ni wifi. Hakugomba. Alinyamaza, na kwake hilo lilikuwa baya zaidi. Aliosha vichwa vya watu bila neno, mpaka wateja wakawa wanaulizana kwa macho kama nyumbani kwao kuna msiba. Ilikwenda hivyo kwa siku kadhaa. Mwishowe, wakiwa wanafunga mlango, alisema bila kumtazama mwenzake, "Ukienda, mimi nitabaki na draya."

"Sijaitwa hata kwenye usaili, wifi."

"Utaitwa. Nakujua." Akahangaika na kufuli. "Kaka yangu alipokuoa nilikuchukia, nikakuchukia hasa. Halafu ukanisuka. Nikasema, basi, huyu abaki."

Vidole alicheka, na machozi yakawa karibu. Walisimama pale kizingitini wakapanga: iwapo jambo litakuwa, wangempangisha kiti msusi wa mtaa wa pili ambaye alikuwa akitafuta pa kufanyia kazi, na Vidole angekuja siku za Jumamosi. Wifi akasema Jumamosi ni Jumamosi, asije akaletewa habari za udhuru wa sayari.

Taasisi ilikuwa jengo refu la ghorofa mbili, lenye sakafu iliyong'aa na harufu ya kutokuwa na harufu. Mkuu wa chumba cha sampuli alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mjomba. Alimkalisha mbele ya hadubini, akampa kibano chembamba, na kisahani chenye vishanga vya vioo vidogo kama unga. Kazi ilikuwa kuvihamisha kimoja kimoja hadi kwenye vishimo vilivyochimbwa kwenye bamba jingine.

Vidole aliinama kwenye hadubini na hakuona kitu isipokuwa duara mbili za mwanga zinazocheza. Mjomba akamwambia, zilete ziwe moja. Hazikutaka. Alipopata kuona, alipumua, na vishanga vikaruka vyote kama kuku waliotupiwa jiwe. Kwenye meza ya pembeni kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu alikuwa akihamisha vyake bila shida.

"Samahani," Vidole akasema. "Nadhani nimewapotezea muda."

"Kunywa chai kwanza," Mjomba akajibu. "Kila anayekuja hapa, siku ya kwanza macho yake hayajui kama ni ndugu."

Alipokuwa akinywa chai, yule kijana alikuja akamweleza jinsi ya kusogeza zile lenzi zilingane na nafasi ya macho yake, na jinsi ya kutoa pumzi kwa pembeni. Hakuwa na choyo, ingawa walikuwa wakigombea jambo moja. Vidole alirudi mezani. Safari hii duara zilikuja zikagongana, zikawa moja, na ndani yake akaona vishanga vikiwa vikubwa kama machungwa, kila kimoja na taa yake tumboni. Akasahau kwamba yuko kwenye usaili. Alipoinua kichwa, bamba lilikuwa limejaa na chai ya Mjomba ilikuwa imepoa.

Waliwachukua wote wawili, yeye na yule kijana.

Watu wengi walidhani kwamba kazi yenyewe ndiyo ilikuwa ngumu. Kwake kilichokuwa kigumu ni kuacha. Aliambiwa aache mafuta ya nywele, losheni, marashi, rangi ya kucha, bangili, hata sabuni yake ya siku zote, kwa sababu chochote kinachonukia ni kitu kinachoruka hewani, na kinachoruka kinaweza kutua. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ananukia mafuta ya nazi. Mumewe alimwambia, "Nikifumba macho naona kama hayupo mtu." Kabla ya kuingia alivaa mavazi meupe toka kofia hadi soksi, uso ukabaki macho tu. Kisha vile vidole vyake vyenye sifa mji mzima vikatiwa ndani ya glavu nene nyeusi, zilizofungwa kwenye kuta za kasha la vioo. Ndani ya kasha hapakuwa na hewa tunayovuta, bali gesi kavu ya nitrojeni, ili vumbi lisije likapata kutu kama chuma kilichoachwa nje.

Kwa miezi kadhaa hakugusa vumbi lenyewe. Alifundishwa kwa mchanga mweusi wa volkano uliosagwa. Alijifunza kuinua punje kwa sindano yenye tundu linalofyonza taratibu, kuishusha, kuipiga picha, kuiandikia namba, kuifunika. Glavu zilimfanya ajione kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Kuna siku alitoka pale akiwa na hasira, akaenda saluni akamsuka wifi yake kichwa kizima bila kuulizwa, ili tu vidole vyake vikumbuke.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mjomba aliingia, akafungua kabati la chuma, akapitisha kwenye mlango mdogo wa kasha kikombe kilichofunikwa. "Leo ni lenyewe," alisema, akakaa kwenye kigoda nyuma ya Vidole na yule kijana.

Vidole alifungua mfuniko. Kilichokuwa ndani kilikuwa cheusi. Masizi ya sufuria si meusi hivyo. Mwanga wa taa uliingia pale na ulikuwa kama haukusudii kurudi. Akasogeza hadubini. Duara zikawa moja. Na weusi ule ukafunguka.

Aliona mabonde. Punje moja, ambayo kwa macho ingepotea kwenye mstari wa kiganja, ilikuwa na miteremko na ngome na nyufa, na ndani ya ufa mmoja kulikuwa na kitu cheupe kilichong'aa kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba. Aligeuza lenzi kidogo, na upande mwingine wa punje ukaja kwenye mwanga, na hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo hakulitegemea: upande huu haujawahi kuonwa. Hakuna jicho, la mtu wala la mnyama, lililowahi kuuona tangu vitu vianze. Punje hii ilikuwa imekaa na sura yake hii gizani, dunia ikaumbika, bahari zikajaa, samaki wakaja, watu wakaja, bibi yake akazaliwa na kufa, na mtu wa kwanza kuiona ni yeye, aliyeacha shule akamtunze mama.

"Hicho cheupe," akauliza kwa sauti iliyomtoka kama ya mtu mwingine, "ni nini?"

"Chumvi," Mjomba akajibu. "Kulikuwa na maji humo. Maji yalikauka, chumvi ikabaki."

"Maji kabla ya dunia."

"Karibu na kuzaliwa kwake. Ndiyo."

Si kwamba hakujua. Bi Sayari alikwisha kumwambia, tena zaidi ya mara moja. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa ndani ya kasha hakuwa na cha kuyafutia, akayaacha yashuke ndani ya barakoa. Yule kijana, kwenye glavu za pembeni, alikuwa naye ametulia tuli. Hawakutazamana. Mjomba hakuwaharakisha. Alikaa kwenye kigoda chake kama mtu aliye mahali pa ibada, na baadaye Vidole alikuja kusikia kwamba huwa hivyo kwa kila msaidizi mpya. Huwa hasemi neno mpaka wao waseme.

"Naomba dakika moja," Vidole akasema mwishowe.

"Limesubiri," Mjomba akasema. "Dakika moja halitaiona."

Alifanya kazi ile mwaka wa kwanza bila kosa kubwa, kisha likatokea. Punje moja, si kubwa wala si ndogo, ilikuwa kwenye ncha ya sindano yake, akaisogeza karibu na bamba, na punje ikaruka. Umeme mdogo unaojikusanya kwenye glavu na ukavu wa gesi ile huweza kufanya hivyo: kitu kinakuwa hapa, mara hakipo. Alitafuta sakafu yote ya kasha kwa hadubini, pembe kwa pembe, shingo ikawa kama ubao. Hakuiona. Alikwenda kwa Mjomba na kumwambia kwa ufupi, kwa sababu kwa urefu asingeweza.

"Nimepoteza punje. Nadhani kazi hii mumpe mtu mwingine."

Mjomba aliweka kalamu chini. "Miaka mingi iliyopita nilipewa kipande cha kimondo nikipasue. Kiliruka. Nilikuwa kijana, nikapiga magoti chumba kizima kwa siku tatu. Mpaka leo hakijaonekana. Huwa nafikiri labda nilitoka nacho kwenye kiatu, kiko barabarani huko, magari yanapita juu yake." Akanyanyuka. "Twende tukatafute ya kwako. Ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, tutaandika kwamba imepotea, na kesho utaingiza mikono tena."

Aliyeipata ni yule kijana, siku iliyofuata. Ilikuwa imejibana kwenye mkunjo wa glavu ya kidole gumba, mahali ambapo Vidole mwenyewe asingeweza kupaona hata angekaa wiki. Alimwita tu, "Mama, njoo utazame," akasogea pembeni ili airudishe yeye kwa mkono wake. Vidole aliiinua, akaishusha kwenye kishimo chake, akaifunika.

Punje ile ilipelekwa na nyingine kwa watafiti wa mbali, zikachomwa kwa miale na kupimwa kwa mashine zenye ukubwa wa chumba. Majibu yalichukua muda. Yalipokuja, Bi Sayari alipanda ngazi mbili mbili kuja kuwaambia mwenyewe, kabla hayajachapishwa. Ndani ya punje kadhaa zilizopita mikononi mwao walikuta vijipunje vingine, vidogo visivyoonekana hata kwa hadubini yao, ambavyo havikuzaliwa na jua hili. Vilitoka kwenye nyota nyingine, iliyokufa na kutawanyika kabla jua halijawaka.

"Yaani ni vya kabla ya vile vya kabla," Vidole akasema.

"Ndiyo," Bi Sayari akajibu. Alikuwa akihema kidogo kwa zile ngazi. "Na mimi nimesoma haya miaka yote, na bado nikiyasema nasikia mwili unanisisimka. Sidhani kama mtu huzoea."

Taasisi ilikuwa na desturi ya kufungua milango kwa jamaa za wafanyakazi mara moja kwa mwaka, mchana. Vidole alikuja na mumewe na wifi yake. Hawakuruhusiwa kuingia chumba cheupe. Walisimama ukumbini mbele ya dirisha pana la kioo, na pembeni palikuwa na skrini kubwa inayoonyesha kile ambacho hadubini inakiona. Yeye alivaa mavazi yake meupe, akaingia, akaingiza mikono kwenye glavu. Kwa nje walimwona macho tu. Mume alimpungia mkono, na yeye hakuweza kupunga, akainamisha kichwa.

Akafunua kikombe. Kwenye skrini pakatokea ardhi nyeusi yenye milima na nyufa, na ile chumvi nyeupe ndani yake, ikiwa pana kuliko mlango.

Mume alikwenda karibu na skrini, akaitazama ile chumvi kwa muda mrefu. Katika maisha yake alikuwa amefungua mabomba mengi yaliyozibwa na kitu cha namna hiyo. "Hapa palipita maji," alisema taratibu, kwa yeyote aliyekuwa karibu. "Mimi najua mahali maji yalipopita." Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwambia ni kweli, na wawili hao wakaanza kuzungumza juu ya maji yanavyoacha chumvi, wakasahau wageni wengine.

Wifi hakusema kitu. Watu waliomjua wangeshangaa. Alisimama pale na mkoba wake mbele ya tumbo, ameukumbatia kwa mikono miwili, mdomo umeachama kidogo. Sindano ilishuka kwenye picha, ikagusa punje, punje ikainuka kutoka kwenye ardhi yake, nyepesi, bila kutetemeka, ikapita juu ya weusi, ikatua mahali pengine. Wifi alitazama skrini, kisha dirisha, kisha skrini tena, kama mtu anayejaribu kuoanisha mikono ile na mikono iliyomsuka.

Vidole alipotoka, nywele zimelala kwa kofia na uso una alama za barakoa, walikwenda pamoja hadi mahali pa kuegesha magari. Gari la mume lilikuwa lile la kazi, lenye mabomba juu. Mchana ulikuwa mkali. Mume alikwenda kufungua milango, na wanawake wawili wakasimama kivulini mwa ukuta kungoja kiti cha mbele kipoe.

"Wifi," wifi akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu skrini.

"Naam."

"Hiyo nyota uliyonisimulia, iliyokufa kabla ya jua." Alitafuta maneno. "Nayo ilikuwa na dunia zake?"

"Niliwauliza," Vidole akajibu. "Hawajui. Pengine ilikuwa nazo."

Wifi akatikisa kichwa polepole. Alifungua kiganja chake, akakitazama, akasugua vidole vyake viwili pamoja kama mtu anayepima unga, vumbi la ukuta waliouegemea likiwa juu yake. Hakulifuta. Mume alipiga honi kidogo kuwaita, wakaingia garini, na njia nzima wifi alikaa dirishani, mkono ukiwa umefunguka juu ya mapaja yake.